Uzinduzi wa Jiko la Maini Nyuma ya Wodi ya Wazazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye baada ya aliyealikwa kupata udhuru wa ghafla ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uratibu wa Nyama za Ndani, ambaye pia ni mimi, ila kwa kofia nyingine. Ndugu wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kuonja, mlioketi pale mbele kwenye viti vyenye mito. Daktari Mfawidhi wa kituo hiki cha afya. Muuguzi Mkuu wa Wodi ya Wazazi. Wakunga, wafagizi na mlinzi wa geti. Wazee wetu, washauri wetu, waliowahi kuwa washauri wetu na wale ambao bado wanangoja kuombwa ushauri. Kina mama mliojifungua, mnaonisikiliza kupitia madirishani. Kina mama ambao hamjajifungua lakini mko mbioni. Vichanga wote, ambao kwa sababu za kiitifaki wanatambuliwa kwa jumla. Mabibi na mabwana. Niliyemsahau ajihesabu ametajwa. (Makofi kutoka viti vyenye mito. Kwingine wanatafuta kivuli.)

(Sauti ya mwanamke kutoka nyuma: "Mimi umenisahau.")

Naambiwa hapa pembeni kwamba huyo ni mpishi wa wodi, anayejulikana kwa jina la Mama Mwiko. Naye anatambuliwa rasmi, kwa kuwa ameomba mwenyewe.

(Mama Mwiko: "Sijaomba kutambuliwa, baba. Naomba ukate utepe.")

Utepe utakatwa, mama. Utepe ni kipengele cha tisa, na sisi ndio kwanza tunakaribia kipengele cha kwanza. Mambo ya umma huenda kwa foleni. (Kicheko.)

Ndugu zangu, kabla sijasema, naomba niseme kwamba nitasema kwa ufupi. Leo tumekusanyika nyuma ya wodi hii kuzindua Mradi Shirikishi, Jumuishi na Endelevu wa Kuwapatia Nyama za Ndani za Ng'ombe Zilizopikwa Kina Mama Waliopungukiwa Damu, ambao jina lake la kifupi bado linafanyiwa kazi na konsalitanti. Mbele yenu, katikati ya ukuta huu mpya kwa rangi ingawa ni mkongwe kwa tofali, mnaona mlango wa buluu uliofungwa utepe mwekundu. Nyuma ya mlango huo ndiko liliko Jiko la Maini. Najua wapo ambao, kwa kuwa miaka yote wamezoea kwamba nyuma ya ukuta huu kuna barabara, wanajiuliza jiko limekaa wapi. Nawaomba wasitangulie mbele ya hotuba. (Watu wanatazamana.)

(Mama Mwiko amesimama, ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mheshimiwa, swali moja tu. Hii barua ni yako?")

Ngoja nivae miwani. Ndiyo, ni yangu. Naitambua kwa sahihi, maana sahihi yangu inachukua mistari mitatu. Kwa faida ya waliochelewa, nitaisoma aya ya tatu, ambayo kwa kweli niliifurahia sana wakati wa kuiandika: "Ili kuepusha mgongano kati ya mradi na mazoea, mwenye bucha iliyo ng'ambo ya ukuta anaamriwa kusitisha mara moja desturi yake ya kuipa Wodi ya Wazazi maini ya kila Alhamisi, na mlinzi asiruhusu nyama ya ndani ya aina yoyote kupita getini, mpaka Jiko la Maini litakapozinduliwa rasmi, kwa utepe kukatwa mbele ya hadhara." Barua hii ina miezi mitatu sasa. Nawapongeza wote kwa kuitii.

(Mama Mwiko: "Kwa hiyo ukishakata utepe, barua imekufa?")

Kufa ni neno zito, mama. Tuseme itakuwa imestaafu kwa heshima.

(Mama Mwiko: "Basi istaafishe, baba yangu! Mke wa mwanangu yuko kitanda cha dirishani pale, amejifungua siku ya tano leo, damu ilimtoka nyingi, na ile iliyobaki wamepima ni saba, inatakiwa ifike kumi na mbili. Daktari kampa vidonge, akasema na chakula chenye chuma. Leo ni Alhamisi. Mwenye bucha kaniwekea ini zima, na saa sita anafunga duka. Sasa hivi ni saa tano na dakika kumi!")

Pole sana, mama. Nimesikia, na waandishi waandike kwamba nimesikia. Lakini tazama ulivyo na bahati: anayeumwa ni mkweo, na anayezungumza leo ni mimi, na ninalozungumzia ni hilohilo ini! Ungekuja wiki iliyopita ungekuta nazungumzia mitaro. (Kicheko. Mama Mwiko hacheki. Amekaa, lakini ukingoni mwa kiti.)

Sasa nianze. Kabla ya utumishi huu nilikuwa mwalimu wa sayansi kwa miaka kumi na minane, na mwalimu hata akipewa gari haachi ubao. Nyama za ndani ni nini? Ni zile ambazo ng'ombe anazifanyia kazi wakati sisi tunamsifia ngozi. Ini, moyo, figo, bandama, matumbo, ulimi. Watu wengi huzidharau, wakataka mnofu tu, kama vile ng'ombe ni mapaja yenye pembe. Mtu huyo anatupa duka na kubaki na mfuko.

Tuchukue ini. Kipande cha ini la ng'ombe lililopikwa, chenye ukubwa wa kiganja changu, na mnaona kiganja changu hakijashika jembe siku nyingi, kina protini karibu gramu thelathini. Kina vitamini B12 ya kumtosha mtu mzima kwa zaidi ya wiki tatu. Kina vitamini A ya zaidi ya siku kumi. Na kina madini ya chuma, miligramu sita na ushei. Chuma hiki si cha misumari, bibi, naona umeshtuka. Nitaeleza taratibu.

Damu ni msafara wa wapagazi. Kila mpagazi anaingia mapafuni, anapakia hewa, anaipeleka mguuni, anaipeleka kichwani, anaipeleka kwenye titi linalonyonyesha. Chuma ndicho kikapu chake. Mpagazi asiye na kikapu anakwenda na kurudi, anahema, jasho linamtoka, na mkononi hana kitu.

(Mama Mwiko: "Kama kamati!" Kicheko kirefu. Madirishani kina mama wanapiga vijiko kwenye vikombe.)

Nashukuru kwa mchango huo. Ndiyo maana mama aliyepungukiwa damu akisimama anaona nyota mchana, akipanda ngazi mbili anatafuta pa kukaa. Si mvivu. Wapagazi wake hawana vikapu. Na chuma cha nyama mwili hukipokea kwa urahisi, kama mgeni anayejua nyumba. Chuma cha mboga na maharage nacho ni kizuri, lakini hupenda kusindikizwa na chungwa au nyanya, na mkikiteremshia chai ya rangi papo hapo, hiyo chai inasimama mlangoni kama karani asiyetaka kugonga muhuri.

(Muuguzi Mkuu ananyoosha mkono. "Mheshimiwa, waambie pia kwamba ini lina vitamini A nyingi mno, na mjamzito ikimzidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mwenye mimba atuulize kwanza. Aliyekwisha kujifungua, kipande cha kiganja, mara moja kwa wiki. Na vidonge asiache.")

Asante, Sista. Hayo yote yalikuwa ukurasa wa kumi na moja, ambao umebaki ofisini. Mmeona faida ya ushirikishwaji? Mimi naleta hotuba, Sista analeta ukweli, na fremuweki inakamilika.

(Mama Mwiko: "Mheshimiwa, saa tano na ishirini! Ngoja ngoja huumiza matumbo!")

Na matumbo, mama, nitayafikia. Yako kipengele cha nne. Kwanza moyo. Moyo wa ng'ombe ni msuli uliofanya kazi bila likizo tangu ng'ombe hajazaliwa. Una protini kama ya ini, hauna mafuta mengi, na chuma chake hakichekeshi. Unahitaji kupikwa polepole, kwa kuwa aliyezoea kazi halainiki kwa maneno. Figo zina seleniamu, madini ambayo sitayaeleza kwa sababu ya muda, na zioshwe vizuri kwa sababu ambayo pia sitaieleza, ila kumbukeni kazi ya figo. Bandama, ile watu wanayoitupia paka, ina chuma mara kadhaa kuliko hata ini. Paka wa mtaa huu hawana upungufu wa damu, nimefanya fizibiliti. Matumbo yana chuma kidogo sana. Umaarufu wake uko mezani zaidi kuliko maabara. Na ulimi una mafuta mengi, kwa hiyo nasisitiza: ulimi, hata wa ng'ombe, ukizidi huleta matatizo.

(Mzee mmoja: "Na wa binadamu je?" Kicheko. Mmoja wa walioketi kwenye viti vyenye mito anacheka, kisha anakumbuka amekaa wapi.)

Zote hizo zipikwe mpaka zisitoe damu ukizichoma kwa uma, kwa sababu nyama za ndani zikiwa mbichi hubeba wageni tusiowaalika. Na mwenye ugonjwa wa jongo asizisogelee ovyo, maana zinaamsha maumivu ya viungo. Naomba nitumie nafasi hii kumtambua mjumbe wetu mwandamizi wa Kamati Ndogo ya Kuonja, yule pale aliyeweka mguu juu ya mto, ambaye kidole gumba kimevimba katika utumishi wa umma. (Makofi. Mjumbe anapunga mkono, anajaribu kusimama, anaahirisha.)

Na hapa nifafanue kazi ya kamati hii, maana zipo tetesi. Watu wanasema miezi mitatu mradi haujampikia mama hata mmoja. Ndugu zangu, mwaniona mimi mtu wa kumpa mzazi, tena mwenye kichanga kifuani, chakula ambacho hakijathibitishwa? Ng'ombe wa kwanza alipopatikana, ini lake lilipikwa na kupelekwa kwa Kamati Ndogo ya Kuonja, ambayo ilikaa siku nzima na kutoa ripoti ya kurasa arobaini, inayohitimisha kwamba lilikuwa ini. Lakini kwa kuwa wakati ripoti inasainiwa ini lilikuwa limekwisha, ushahidi ulikosekana, ikabidi kupatikana ng'ombe wa pili ili kuthibitisha ripoti. Wa pili alithibitisha. Wa tatu alitumika katika wokshopu ya kujenga uwezo wa waonjaji. Wa nne alikaguliwa na kamati inayoikagua kamati. Kwa takwimu nilizo nazo, na takwimu hazina undugu na mtu, asilimia mia moja ya maini yaliyofikishwa kwenye ukaguzi yamekaguliwa, na asilimia mia moja ya yaliyokaguliwa yamekaguliwa yakaisha.

(Mama Mwiko: "Na langu la kwenye chupa ya chai?")

Ndiyo. Kwa uwazi na uwajibikaji nilitaje. Mwezi uliopita mlinzi wetu hodari wa geti aligundua vipande vitano vya ini vikiwa vimefichwa ndani ya chupa ya chai. Mlinzi, simama uonekane. (Mlinzi anasimama, anatazama viatu vyake.) Hakuvila! Alivifikisha mezani kwangu vikiwa vya moto, na Kamati Ndogo ya Kuonja ikatamka kwa kauli moja kwamba aliyevipika ana kipaji. Mama, hongera.

(Mama Mwiko: "Vilikuwa vya mgonjwa, baba, mama wa mapacha. Amerudi nyumbani anashika ukuta.")

(Msemaji anapanga karatasi zake, ingawa zilikuwa zimepangika.)

Tuendelee. Wapo pia wanaosema hawajaona hata hilo ini lenyewe. Ndiyo maana juu ya meza hii kuna sahani ya udongo yenye mfuniko, ambayo tangu asubuhi macho yenu hayajabanduka kwayo. Naomba mjumbe mmoja, asiye na jongo, afunue. (Mfuniko unafunuliwa. Ndani ya sahani kuna picha ya rangi ya ini, imefungwa kwa plastiki ngumu.) Hili ni ini la kielelezo. Haliozi, halivuti inzi, halihitaji kuni wala kitunguu, linafutika kwa kitambaa chenye unyevu, na linaweza kupita wodi nzima kitanda kwa kitanda kila mama akalitazama kwa sekunde thelathini, na bado likabaki zima kwa ajili ya wodi nyingine. Niambieni ini gani jingine linaweza hivyo.

(Sauti nyembamba ya mkwe wa Mama Mwiko kutoka dirisha la kwanza: "Mama, nimenusa kitunguu au ni kichwa changu?" Mama Mwiko anageuka: "Ni kichwa chako, mwanangu. Kunywa maji. Huyu baba anamalizia.")

Kweli namalizia. Nimebakiza ahadi tu. Naahidi kwamba katika awamu ya pili kila kitanda kitakuwa na sufuria yake. Katika awamu ya tatu kila sufuria itakuwa na mfuniko. Na katika awamu ya nne, endapo wadau wote wataoanisha dira zao...

(Sauti nzito ya mwanamume kutoka nyuma ya ukuta, upande wa pili wa mlango wa buluu: "Mama Mwikooo! Nafunga saa sita! Hili ini ninalifanyaje?")

Mmesikia? Mmesikia wenyewe! Nilisema nini? Sauti hiyo inatoka nyuma ya mlango. Sauti hiyo inatoka jikoni! Hata kabla sijazindua, jiko linafanya kazi na linauliza lifanye nini na ini! (Makofi makubwa, vicheko. "Huyo ni Kisu Kimoja, mwenye bucha!" wanapiga kelele kina mama wa madirishani.) Sitaki ubishi. Mwenye kusema huyo ni mwenye bucha atoe maandishi.

(Daktari Mfawidhi anasogea, ananong'ona sikioni mwa msemaji huku akionyesha saa ya mkononi.)

Daktari ananikumbusha kwamba ni saa sita kasoro dakika kumi, na kwamba katika kazi yake kuna mambo yakichelewa dakika kumi hayaombwi radhi. Nimemwelewa. Basi, kwa kuwa mimi si mtu wa kung'ang'ania vipengele, naruka cha tano, cha sita, cha saba na cha nane, ambavyo vilikuwa vizuri kuliko vyote, na ninaingia moja kwa moja kwenye utepe. (Shangwe. Vikombe madirishani.) Naomba mkasi.

(Wajumbe wanatafuta chini ya mito yao.)

Mkasi. Nani ana mkasi? Katika barua ya maandalizi niliandika kwa herufi nzito: hema, viti, mito, maji ya chupa, ini la kielelezo, na... sikuandika mkasi. Hilo ni somo. Basi, kwa mujibu wa kanuni, uzinduzi unaahirishwa mpaka kikao cha...

(Mama Mwiko: "Sista!")

(Muuguzi Mkuu amekwisha kutoka mbio kuelekea chumba cha kujifungulia. Anarudi na mkasi mdogo unaong'aa juu ya trei. "Umechemshwa asubuhi, Mheshimiwa. Ndio tunaokatia vitovu.")

Naam. Mabibi na mabwana, mkasi huu umezindua watu wengi kuliko mimi nilivyozindua vyoo. Ni heshima kuushika. Kwa mamlaka niliyopewa, na kwa yale niliyojipa pale ambapo hayakutosha, leo hii Alhamisi, mbele ya hadhara hii, nakata utepe huu, na kutamka kwamba Jiko la Maini limezinduliwa ra...

(Mama Mwiko: "Malizia!")

...smi!

(Shangwe. Mama Mwiko anaikunjua barua, anaichana mara mbili, anaitia mfukoni mwa aproni ikawashie moto. Anausukuma mlango wa buluu. Mlango unafunguka. Nyuma yake hakuna chumba. Ni barabara, na ng'ambo ya barabara ni bucha, na mbele ya bucha amesimama mtu mfupi mwenye koti jeupe, Kisu Kimoja mwenyewe, amebeba ini zima kwenye sinia. Watu wote wanamtazama. Naye anawatazama wote. "Shikamooni," anasema.)

Kama mnavyoona, jiko letu limejengwa kwa mtindo wa kisasa wa wazi, usiokuwa na kuta, wala paa, wala sakafu, wala jiko, ili hewa...

(Hakuna anayemsikiliza. Kisu Kimoja anavuka barabara. Mlinzi anasimama mlangoni, anatazama sinia, anamtazama Mama Mwiko. "Nikague, mama?" Mama Mwiko: "Kagua kwa macho, baba, mdomo ufunge." Mlinzi anaufungua mlango mpaka mwisho na kuuegemeza jiwe. Kisu Kimoja: "Zamani nilizunguka ukuta mzima mpaka getini, robo saa. Huu mlango kautoboa nani? Mungu ampe maisha marefu!")

Nimesikia dua hiyo, na naipokea. Waandishi waandike. Sasa wananchi wenzangu, nikiwa bado na usikivu wenu, tuseme kaulimbiu zetu kwa pamoja. Mimi nikisema "Maini!" ninyi mseme "Damu mpya!" Maini! (Kutoka jiko la mkaa la wodi, mita kumi kutoka jukwaani, ambako Mama Mwiko ameshaanza kupika, kitunguu kinalia ndani ya mafuta.) Moyo! (Pua zote zimegeuka upande mmoja.) Figo kwa kila kaya, kaya kwa kila figo! (Mjumbe mwenye jongo: "Figo juu!" Peke yake.)

Inatosha. Sasa shukrani, maana asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hawezi. Namshukuru fundi seremala aliyetengeneza mlango, na mwashi aliyetoboa ukuta ili mlango upate pa kukaa. Namshukuru fundi rangi, aliyepaka upande mmoja tu unaoonekana. Namshukuru mpiga picha aliyepiga lile ini, ambalo niseme ukweli tuliazima buchani kwa dakika tano tukalirudisha.

(Kisu Kimoja: "Mlirudisha nusu!")

Tukalirudisha kwa sehemu kubwa. Kwa namna ya pekee namshukuru mwandishi wa ripoti yetu ya mwisho, ambayo ninayo hapa, imepigwa chapa, imesainiwa na kukubaliwa ngazi za juu Jumatatu iliyopita. Ripoti inasema Jiko la Maini limehudumia kina mama mia nne, limefikia malengo yake yote kabla ya wakati, na kwa hiyo limefungwa rasmi. Ndiyo, ndugu zangu. Jiko mlilolizindua leo lilifungwa siku tatu zilizopita kwa mafanikio makubwa. Na ninawaambia kwa uzoefu wa miaka mingi ya utumishi: halikuwahi kujengwa, halikuwahi kuwa na sufuria, halikuwahi kuajiri mpishi, na ndiyo maana limefungwa bila lalamiko hata moja kutoka kwa mtumishi yeyote. Ni miradi michache sana iliyowahi kuwapo inayoweza kujisifia hivyo.

(Hakuna makofi. Wote wametazama dirisha la kwanza. Mama Mwiko amefika pale na sahani, kipande kimoja cha kiganja, kimekatwa vipande vidogo, na nusu chungwa pembeni. Mke wa mwanawe ameinuka kwenye mto, kichanga mkono wa kushoto, kijiko mkono wa kulia. "Mama, chumvi kidogo." "Wewe kula kwanza. Chumvi haikimbii." Anakula. Mama Mwiko anamtazama akitafuna kama mtu anayesikiliza wimbo.)

Mwisho kabisa. Naona hapa kuna ini ambalo, kwa kukosa kupitia ngazi husika, limemfikia mlaji moja kwa moja. Sitaki kulaumu. Siku ya furaha haina lawama. Lakini kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi, na kwa kuwa tangu asubuhi nimesimama na maji ya chupa peke yake, ningeomba kipande kidogo tu kiletwe hapa jukwaani. Kwa ajili ya ukaguzi.

(Wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kuonja wanaweka sawa mito yao. Mama Mwiko anakuja taratibu, anapanda jukwaani, anapiga goti kwa adabu zote, na kwa mikono miwili anamkabidhi sahani ya udongo yenye mfuniko. "Karibu, Mheshimiwa. Leo tumekuwekea zima." Anafunua. Ini la kielelezo linang'aa ndani ya plastiki yake.)

Asante, mama. Rangi yake ni nzuri. (Analifuta kwa leso.) Asanteni sana kwa kunisikiliza.